Petulla Nilizozisukuma Kama Maandazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute miguu imeacha kuvimba, na Baba ameanza tena kula vizuri. Mimi mwili ni mzima. Jumapili kwenye simu nilikuambia hakuna neno, lakini dada Stella alikuwa amekaa ubavuni kwangu, nisingeweza kusema.

Jambo lenyewe lilianzia jikoni. Unamkumbuka Drita, yule mama wa Kialbania ninayekaa naye mapokezi pale kliniki. Kwao mtoto akizaliwa, au mgeni akilala, asubuhi hukaanga petulla, vipande vya unga ulioumuka, wakala kwa asali au jibini ya chumvi. Alinionjesha kazini nikakukumbuka wewe. Stella akasema, “Mwite aje atufundishe hapa nyumbani.”

Jumamosi Drita alichelewa. Nikaona aibu mgeni akute sijaanza, nikachanganya unga, mtindi, yai na hamira kama alivyokuwa amenieleza. Ukaninata vidole vyote. Basi nikaongeza unga, nikatia na iliki, nikakanda hadi ukaacha kunata, nikausukuma kwa chupa na kuukata vipande vya pembe tatu.

Drita alipoingia aliviangalia. “Umeshona mito?”

Stella akacheka mpaka akashika meza. “Huyu hata umpe unga wa keki atakutolea maandazi!”

Kumbe petulla hazisukumwi. Unga huachwa mwepesi, unalowesha mkono, unachota, unavuta kidogo na kutia kwenye mafuta. Drita akachanganya mwingine, akasema wakati unaumuka tukaange mito yangu isipotee. Sikuikung’uta. Ule unga mkavu niliosukumia ukazama kwenye mafuta ukaungua, jiko likajaa moshi, na king’ora cha darini kikaanza kulia. Stella alikuwa akipepea na taulo wakati mwangalizi wa jengo alipobisha hodi mlangoni.

“Msiniunguzie nyumba,” akasema. “Wiki ijayo naleta watu waione.”

“Watu gani?” nikauliza.

“Wapangaji wapya. Si mnahama mwisho wa mwezi?”

Nikamgeukia Stella. Bado alikuwa ameinua taulo.

“Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia, mdogo wangu,” akasema kwa Kiswahili, Drita asielewe. Anahamia mji wa Anoka kwa mchumba wake. Nyumba imepangwa kwa jina lake, ameshatoa notisi ya kuirudisha. “Wewe umesoma, hutakosa pa kukaa. Watu wa kanisani wapo.”

Mama, wiki moja kabla tulikwenda pamoja kununua pazia la chumba changu. Yeye ndiye aliyechagua rangi, akalipima dirishani, akaniambia litanifaa baridi ikija. Alikuwa anajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuhama kwenyewe. Wewe ulinikabidhi kwake uwanja wa ndege, ukamshika mikono yote miwili.

Drita hakuelewa maneno, lakini alielewa. Alikaanga petulla zake, akaniwekea sahani. Alipokuwa akivaa koti akaninong’oneza, “Chumba cha binti yangu ni kitupu. Njoo.” Anakaa mji wa Coon Rapids, karibu na kazi. Unajua ninavyoogopa nyumba za watu. Lakini nimekubali, Mama, bila kungoja ruhusa yako, na kwa hilo unisamehe.

Stella amenisihi nisiandike nyumbani. Nimeandika.

Nisalimie Baba, Bibi na miguu yake ya baridi, na mdogo wangu Yohana asome. Mwalimu jirani mwambie nimepata salamu zake. Mama Mkubwa msalimie pia, ila tafadhali usimwambie lolote kuhusu Stella bintiye mpaka nikupigie nikiwa kwa Drita. Kila asubuhi bado napanda gari la Stella kwenda kazini, na jioni narudi kulala kwake.

Mwanao anayekupenda,
Tumaini