Nailoni ya Godoro

Baba Kaari,

Githeri iko jikoni, pasha tu. Maji mchote wewe na Kaari, daktari alinikataza kubeba mtungi miezi mitatu. Na ile ingine pia ni miezi mitatu, usinianzie.

Leo nimeamka shuka kavu, siku ya kumi tangu nitoke hospitali. Mshono bado unauma nikikohoa, lakini mkojo hautoki wenyewe tena. Ile nailoni nimeitoa kwa godoro, funika nayo kuni.

Nimeenda kanisani, mara ya kwanza kwa miaka sita. ~~Nitakaa nyuma, karibu na mlango.~~ Nitakaa mbele.

Kabla ya kutoka nimekalia kile kiti chako cha kitambaa, kile nimekikwepa miaka hii yote. Nimekaa sana. Kiguse uone.

Mama Kaari