Mmasai wa Mkuu

Jumatano usiku

Na bado nimelikunja shuka lao vizuri kabisa, kama mjinga.

Cheti cha mgambo ninacho. Ghala la kahawa nimelinda miaka na miaka, halikupotea hata gunia moja. Lakini siku ya usaili meneja wa hoteli hakukigusa cheti. Alinipima urefu kwa macho, akasema wageni wanapenda kumkuta Mmasai getini, kwa hiyo kazi ipo nikikubali kuvaa shuka na kushika rungu. Mimi, Mchagga niliyezaliwa Mkuu! Nikakubali. Nyumbani sikusema.

Leo wageni wakataka niruke wapige picha. Wakati huohuo shangazi akaingia na ndoo ya maziwa ya jikoni. Sikujua kama ndiye anayewauzia. Akasimama, akaniuliza kwa Kichagga, "Mwanangu, nani amekuvalisha hivyo?"

Nikamwamkia, nikamjibu kwa Kichagga kwamba ni kazi tu, shangazi.

Mzungu mmoja akafurahi, akamuuliza meneja tunaongea lugha gani.

"Kimasai," meneja akasema, bila hata kupepesa macho.

Shangazi Kiingereza cha kiasi hicho anakielewa. Akanitazama, akingoja nimkanushe meneja. Wageni walikuwa wanaingoja picha yao, na meneja alikuwa ananiangalia mimi tu.

Nikaruka. Nilipotua, shangazi alikuwa ameshanipa mgongo.

Mzungu akasema picha haijatoka vizuri.

Nikaruka tena.