Fundo la Mteremkoni

Kagerankanda,
Kasulu, Kigoma.
14 Septemba 2014

Mpendwa mwanangu Maximilla,

Amahoro. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari imepinda. Hujambo huko Newala? Miguu iliyokuwa ikikuvimba imepona? Na mjukuu wangu Winnie, bado anafundisha chekechea? Sisi tupo. Shangazi zako wazima, na Philomena wangu naye mzima, ila macho yamepungua. Mimi nimekwisha, mwanangu. Nasema bila huzuni, kama mtu asemavyo mahindi yamekauka.

Mvua bado. Vumbi jekundu limepanda hadi kwenye migomba, na watu wanachoma mashamba kuelekea mpakani. Saa saba mchana jua linakuwa kama la magharibi.

Nikueleze habari ya mkono wa kulia. Tangu Juni unavutwa. Hauumi wala haujafa ganzi. Unavutwa taratibu kuelekea chini, kama wa mtu aliyeshika kamba yenye mzigo upande wa pili. Nikiketi barazani vidole vinajikunja vyenyewe, na visigino vinatafuta mahali pa kujikita. Juzi Philomena alisimama na sufuria mkononi akanitazama kwa muda.

"Mzee, unamvuta nani?"

Nikamwambia ni mishipa. Daktari Raymond, kijana mwenye heshima aliyeletwa kutoka Moshi, naye amesema ni mishipa.

Lakini mishipa haielezi ukuta. Miaka thelathini na minne nimefundisha fizikia: ukisukuma ukuta, nao unakusukuma kwa nguvu ileile. Ukitembea, mguu unasukuma ardhi nyuma, ardhi inakusukuma mbele. Hakuna agusaye asiguswe, na nguvu hizo mbili huzaliwa pamoja. Sasa nikitaka kuinuka kitandani naunyoshea ukuta kiganja, nao unanisukuma kabla sijaufikia. Nimejaribu mara nyingi, nikihesabu kama maabara. Unatangulia. Au labda hautangulii. Labda ni nguvu yangu ya zamani, ndiyo kwanza inajibiwa.

Sasa nisikilize.

Mwaka 1968 ulikuwa na miaka tisa. Baba yako Laurent, kaka yangu, alikuwa akipeleka maharage sokoni kwa baiskeli. Kwenye mteremko wa mtoni breki si kitu mbele ya magunia mawili. Kwa hiyo mmoja hushika usukani, na mwingine hufuata nyuma na kamba iliyofungwa kwenye keria, akiegemea nyuma kama anayezuia ng'ombe. Kamba ile baba yako hakuruhusu mtu aifunge ila wewe. Alisema mkono wa mtoto ndio unaomrudisha mtu nyumbani.

Aliyeshika kamba siku ile ni mimi, likizoni kutoka chuo cha ualimu, na viatu vyangu vya ngozi. Viliteleza. Laurent akacheka bila kugeuka.

"Mwalimu we, vuta! Au mikono hiyo imezoea chaki tu?"

Nikamwambia anyamaze.

"Jamani, mwalimu anaburutwa na maharage!"

Nikaachia. Nilitaka ashtuke tu, hatua mbili, kisha niidake tena. Papo hapo nilianguka chali, kwa maana yule niliyekuwa nikimzuia ndiye aliyekuwa akinizuia mimi nisianguke. Nilipoinuka, kamba ilikuwa inapita kona, ikirukaruka vumbini kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Nilimkuta chini kwenye mawe ya kivuko, baiskeli juu yake. Alikuwa hai, Maximilla. Alinitazama nikitoa kisu. Nilijaribu kulifungua fundo lako nikashindwa, maana uzito wote ule ulikuwa umelikaza. Nikaikata kamba pande zote za fundo, nikalitia mfukoni. Ndipo nikamwondolea baiskeli. Macho yalikuwa bado wazi, lakini hayakunitazama tena.

Msibani nilisema: fundo lilichomoka. Watu wote waligeuka kukutazama. Nilikuona ukificha mikono ndani ya gauni.

Mwaka juzi Winnie alipokuja kututembelea aliniambia, akidhani ni kichekesho, "Babu, mama hafungi kitu! Hata kilemba chake nafunga mimi." Nilicheka naye. Mungu anisamehe kicheko kile kuliko yote.

Mwanafunzi wangu mmoja, Herieth, aliwahi kuniuliza huku wenzake wawili wakivutana kamba mbele ya darasa: "Mwalimu, na mmoja akiachia, ile nguvu inakwenda wapi?" Nilimjibu tutaendelea kesho. Hatukuendelea. Ilikwenda kwako, mwanangu.

Padri Kipriani amenisikiliza. Aliuliza, "Mzigo huo ulimtwika nani?" Nikakutaja. Akasema, "Basi anza naye." Miguu haifiki Newala, ndiyo sababu ya barua hii.

Kijana wa jirani yetu, Nkunzimana, amepangiwa kazi Masasi. Atakuletea barua hii pamoja na kopo la majani ya chai. Ndani yake kuna fundo. Miaka arobaini na sita nimelivuta kwa koleo, na kwa meno nilipokuwa nayo. Halijalegea hata uzi mmoja. Ulilifunga wewe, na miaka yako tisa. Halikuchomoka, Maximilla. Nimeshawaambia shangazi zako wote, na Jumapili nitasimama kanisani niwaambie waliobaki wa msiba ule.

Msalimie mumeo Nathaniel, na Winnie umwambie babu anampenda. Esteri, shangazi yako mkubwa, analia tangu juzi na anaomba uje. Mungu aliyemwona baba yako pale kwenye mawe akutazame wewe kwa huruma, na mikono yako ipate raha.

Usinijibu kama huwezi. Ila ukilipokea fundo, shika ncha zake mbili ulivute kwa nguvu zako zote. Utasikia nalo linavyokuvuta. Nami hapa barazani, siku mkono wangu utakapolegea, nitajua umelivuta.

Wako akupendaye, ambaye hakustahili kuitwa baba,

Baba yako mdogo,
Venanti