Tangazo la Pili, Kutoka Ubundu

Papa,

Darasa lako la nne nimepewa mimi. Watoto wameuliza kama nitawapigia kelele kama wewe. Nimewaambia nitazidi.

Unakumbuka somo la kuandika habari? Ulilifundisha kwa matangazo ya vifo ya redio. "Muanze na jambo yenyewe! Mutu anasikiliza akipika pondu, hana wakati ya salamu." Nani, nini, wapi, lini. Kisha ile kanuni ya mwisho uliyonipa nyumbani nikiwa na miaka tisa, ukasema ni siri yetu wawili: "Ukimaliza, umwambie musikilizaji afanye nini."

Ulipokufa, tangazo niliandika mimi. Nililia hadi nikaanza na salamu na kusahau siku ya mazishi. Aibu tupu. Likasomwa. Mara likafuata jingine, kutoka Ubundu: amefariki mwalimu, jina lako lote. Mama akasema, "Iko ndoyi yake tu," eti mtu wa jina moja na wewe. Lakini mimi nilisikia jinsi lilivyopangwa, Papa. Jambo lenyewe kwanza. Ameacha watoto wanne, kwa majina, mkubwa wao miaka kumi na sita. Na mwisho: "Anayesikia, awajulishe walio kando ya reli." Nikajua. Aliyeandika vile alifundishwa na wewe.

Kumbe kila likizo, ukituaga kwamba unakwenda kusahihisha mitihani, ulikwenda kwa familia yako nyingine... Hata siri yetu uliwapa! Mama amedanganywa miaka kumi na sita, na mimi kinachoniuma zaidi ni sentensi moja. Najicheka. Lakini nina hasira nawe, Papa, hasira ya kuvunja chaki mkononi.

Jumamosi tunaondoa matanga, na tangazo ni langu tena. Mama amenikataza kuwataja watoto wako wale: "Bale ba Ubundu usibataje. Ukibataja, utafute mama mwingine." Siku mbili nimekaa na karatasi tupu. Nitasimamaje mbele ya darasa lako kuwaambia watoto wasifiche Nani?

Nimeandika majina yote manane, sisi wanne na wao wanne. Asubuhi hii nimelipeleka tangazo redioni bila kumwambia Mama. Litasomwa mchana, naye atakuwa jikoni, redio wazi.

Kwaheri, Papa. Sijakusamehe. Nakuahidi hili tu: watoto wakitoka, sitabaki shuleni nikijifanya nina madaftari ya kusahihisha. Nitakwenda kuketi kando ya Mama, tulisikie pamoja.