Mbeleko ya Rangi Tatu

Tabora, nyumba za reli

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na kifua cha mama? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Masanja anaota jino la pili, halali wala hataki nilale, kwa hiyo ukiambiwa mwandiko unapanda na kushuka ujue naandika huku namnyonyesha. Mwalimu, wewe unayemsomea baba, nakusalimu pia, na tafadhali usiruke mstari hata akikunja uso.

Nina habari ya mbeleko.

Najua kwetu mzaliwa wa kwanza hubebwa kwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi kutoka kwa babu yake mzaa mama. Uliponiletea bendera ya Mdachi badala ya ngozi, ukasema mjukuu abebwe na kitu ulichokipigania, sikuuliza neno. Ni kitambaa kigumu, hakiachii fundo. Nimembebea Masanja sokoni na kisimani miezi yote hii, nikajiona nimebebwa na wewe.

Wiki iliyopita tarishi wa boma la Mwingereza alipita sokoni akitangaza kwamba bendera za Mdachi zisitundikwe popote wala zisiuzwe. Watu wakageuka kutazama mgongo wangu. Basi ikawa baraza. Fundi viatu, aliyekuwa askari kama wewe, akasema serikali inayoogopa kitambaa haijalala vizuri. Muuza tumbaku akamjibu kuwa wanaoililia bendera hiyo ama wamesahau viboko vyake ama ndio waliokuwa wakivichapa. Mwingine akauliza, na ile nyekundu ya Mwarabu iliyoongoza misafara ya watumwa kupita Kwihara, mbona haitajwi? Kuna aliyesema mtoto ameshaikojolea, kwa hiyo kazi ya serikali amekwisha kuifanya. Hata tarishi alicheka.

Nilikwenda boma mwenyewe kuuliza. Karani akasoma karatasi yake mara mbili, akasema kilichokatazwa ni kutundika na kuuza, kubeba mtoto hakukutajwa, niamue mwenyewe. Nikarudi kichwa juu.

Nikamsimulia jirani yangu Bi Zuhura, yule mama aliyenipikia uji tangu nijifungue, nikidhani atacheka. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, akasema:

"Kaka yangu walimtoa hapa uani, wakambebesha masanduku ya risasi nyuma ya bendera hiyo. Hatukuambiwa hata alikozikwa. Kila asubuhi unapita mlangoni nayo, mwanangu, nami nanyamaza kwa ajili ya mtoto."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambiaje? Ni zawadi ya baba yako."

Baba, nilifungua fundo pale pale. Kesho yake nikaifua, nikaikunja, nikampelekea karani. Hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu alisema tu kwamba hilo ni neno kati yangu na wewe, kwa hiyo usimlaumu.

Najua imekuuma. Uliipigania ukiwa kijana, na njaa juu, na Wadachi wenyewe wakaondoka bila kukuaga. Siitukani miaka yako. Lakini siku moja ulianza kunieleza jinsi wapagazi walivyokuwa wakianguka njiani, ukaikatiza kuomba maji. Ukija Tabora, habari hiyo mmalizie Bi Zuhura. Anastahili kuisikia kuliko mimi.

Ila usije kuidai bendera boma. Watakufunga, na mimi nitakuwa wa kukuletea chakula na mtoto mkononi. Maana ndivyo ninavyombeba sasa. Bi Zuhura alinipa kanga yake. Nilimshukuru, nikaikataa, kwa sababu mbeleko ya mzaliwa wa kwanza haitoki kwa jirani wakati babu yu hai. Mikono inaniuma, sikufichi. Wanaoniuliza nawaambia babu yake bado anailainisha ngozi, na kazi hiyo haiharakishwi.

Mbebee mama salamu zangu, na shangazi aliyenifundisha kusuka mikeka, na mwalimu na nyumba yake. Kaka mchungaji wa ng'ombe mwambie namkumbuka, na kesho akienda zizini amchague mbuzi asiye na makovu.

Ni mimi binti yako,
Kalunde, mama Masanja