Mshale Usiosogea

Jumamosi, jioni. Tangu asubuhi wingu zito limelala juu ya ziwa na mvua haijanyesha. Hapa Ilemela hakuna hata upepo. Mikono yangu inanuka oili, na nimeshainawa mara tatu.

Naandika kwa sababu nimechoka kujidanganya.

Miezi miwili iliyopita nilifunga geji ya presha ya oili kwenye gari langu. Ni gari la zamani lenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, na magari haya hayana msamaha: oili ikikosekana dakika chache tu, turbo inakufa na injini inaifuata. Geji haikuja na gari. Niliinunua dukani mjini, ndogo, ina mwanga wa bluu, na fundi wangu Deo akaifunga. Ili ipate pa kukaa, alitoa swichi ya ile taa nyekundu ya oili iliyokuja na gari.

"Taa ya nini tena, mwalimu," aliniambia, "na sasa unaiona presha yenyewe?"

Nikacheka. Nikakubali.

Tangu siku hiyo mshale ulikaa katikati. Injini ikiwa baridi, katikati. Nikipanda kilima kwa gia ya pili, katikati. Haukutikisika hata kidogo, nami nikaona huo ndio uzima. Nilijisifia hadi ofisi ya walimu.

Leo asubuhi nilimfuata mama kule Bujora, aje apumzike kwangu baada ya malaria kumwangusha. Tulipopita Kisesa alipandisha kioo cha nyuma.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma taka, mama."

Nilitazama geji. Katikati. Nikaongeza mwendo.

Karibu na Igoma harufu ilikuwa imejaa ndani ya gari. Mama alikuwa amejifunika pua kwa kanga. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye ukingo wa boneti. Niliegesha pembeni, nikaruka nje, na ndipo nilipokumbuka kwamba mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Umeharibika tangu mwaka jana. Nilikuwa nauona ni kero ndogo.

Nilizunguka gari. Kitasa kikaniponyoka. Mama alinitazama kupitia kioo bila kupiga kelele, na utulivu wake ndio ulionitisha kuliko moshi.

Nilimtoa. Mtungi wa kuzimia moto ulikohoa unga kidogo ukaishia hapo. Akina mama waliokuwa wakichoma mahindi kando ya barabara walikuja na mabeseni ya mchanga, na moto uliokuwa ndiyo kwanza unashika ukazimwa.

Nilimpigia Deo, akafika na pikipiki. Alichungulia muda mrefu. Pale kwenye injini alipofungia kipimo kinachoipelekea geji presha, chuma kilikuwa kimepasuka, na oili ilikuwa ikidondokea turbo yenye moto. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu.

Kisha akaingia ndani, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha injini. Geji ikawaka bluu.

Mshale ukaenda katikati.

Injini imezimwa, oili hakuna, na geji inasema presha ni nzuri. Tulitazamana. Deo akafuta uso kwa mkono mchafu.

"Mwalimu, ile ya Madam Rehema ni hii hii. Nilizifunga wiki moja."

Rehema anafundisha nami. Mimi ndiye niliyemshawishi anunue, nikampeleka kwa Deo mimi mwenyewe. Na leo alikuwa anasafiri kwenda Sengerema kwa dada yake, na wanawe wawili.

Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikapiga tena. Mara ya nne akapokea.

"Niko barabarani, mwalimu, sema haraka."

"Umefika wapi?"

"Nimeshaipita Usagara."

"Kuna harufu yoyote ndani ya gari?"

"Watoto wanalalamika tangu muda. Lakini geji iko sawa."

"Simamisha gari. Zima. Toa watoto sasa hivi!"

Simu ikakatika.

Nilikaa kwenye changarawe kando ya mama. Nilipiga nisijue nimepiga mara ngapi. Magari yalipita, Deo akawa anazunguka tu gari langu bila kugusa chochote. Mwisho ujumbe ukaingia, maneno manne:

"Tumeshuka wote. Gari linaungua."

Niliusoma, nikampa Deo asome. Alichuchumaa akashika kichwa.

Sasa mama amelala chumba cha pili na anakohoa. Rehema na wanawe wamerudi mjini kwa gari la msamaria mwema, wazima, wakiwa na nguo walizovaa tu. Amenipigia kunishukuru. Amenishukuru! Amelia, amesema Mungu alinituma, nami nikaitikia amina kama mtu asiyejua lolote.

Sikumwambia kwamba mimi nilionywa Kisesa nikapuuza.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake, nimweleze yote mbele ya wanawe. Ila bado najiuliza: akishasikia, nitamtazamaje Jumatatu shuleni?