Shati la Meneja na Kisima Chetu

Nyumbani, nyuma ya ghala la mafuta
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, unakula, na unalala umejifunika. Kikohozi kimeisha? Usinifiche. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua akitumwa. Akiitwa kula halina neno. Bibi yako hajambo, na mdomo wake hajambo zaidi. Mdogo wako hajambo, ameoa simu. Shangazi yako anauliza utaoa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe.

Sasa habari. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Tangi kubwa la kampuni, lile linaloonekana ukisimama jikoni, limevuja. Dizeli imepita chini ya ukuta wao ikaingia kisimani kwetu. Ndoo ya kwanza nilidhani ni pua yangu. Ya pili nikamwita baba yako. Akanusa, akasema, "Mke wangu, tukipata gari tu, tumetajirika." Sikucheka. Bila maji mimi sina kazi. Nguo za watu nitazifua kwa mate?

Nikaenda kwa meneja wao, maana mashati yake nafua mimi. Akaniketisha kwenye kiti kinachozunguka, nikashika meza nisije nikaruka. Akasema, "Mama, hakuna hata tone lililotoka nje ya ukuta wetu. Maji ni salama, wewe endelea kufua."

Basi mwanangu, mtu akivaa tai mimi namwamini. Shati lake jeupe nikalifua kwa maji yale yale, sabuni mara mbili, na marashi ya Bibi juu yake. Pasi ya mkaa nilipiga kwa mbali, mkono nimeunyoosha kama ninayemlisha mbwa mkali. Lilipopoa, harufu ikatulia. Kumbe ilikuwa imelala tu.

Majirani walivyozidi kulalamika, akaja mkaguzi wa serikali, mama mfupi mwenye miwani, akaitisha mkutano. Ukumbi ulijaa, feni mbovu. Meneja akasimama, shati linang'aa, nami nikaona fahari kidogo. Akaanza: hakuna hata tone. Jasho likamtoka. Mwanangu, harufu ikaamka! Kila alivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kunuka. Walioketi mbele wakahama. Mzee mmoja mlangoni akazima sigara yake mbio. Bibi yako akapaza sauti, "Baba, keti! Au umekuja na tangi lenyewe?"

Mkaguzi akauliza shati hilo limefuliwa wapi. Macho yote kwangu. Nilitamani benchi linimeze. Akaahirisha mkutano hadi Alhamisi ya wiki ijayo, nije niseme nililifua kwa maji gani.

Jana wamekuja watu wawili wa kampuni, mmoja mwanasheria. Wanataka niseme kwamba shati nililimwagia mafuta ya taa mimi mwenyewe, kwa bahati mbaya, nao wataniletea mashine ya kufulia. Mashine, mwanangu! Inazunguka yenyewe! Nikauliza, itafua kwa maji gani? Mwanasheria akasema hilo litazungumzwa baadaye. Nikamwambia basi na mashine ije baadaye. Wakaondoka. Chai niliwapikia kwa maji ya kununua, lakini hawakuigusa hata kidogo.

Naogopa, sikufichi. Wale wana mwanasheria, mimi nina Bibi. Watasema nimemharibia mtu shati. Lakini kisima kile ndicho mtaa mzima unakitegemea, na nikisema uongo, nani atawadai wayasafishe mafuta waliyoyamwaga? Nimeshamtumia mkaguzi neno kwamba nitasimama. Kwa hiyo usiniandikie ninyamaze.

Msalimie mama mwenye nyumba wako, na yule rafiki yako mrefu. Hapa wote wanakusalimu, Bibi kwa sauti kubwa. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata usipoandika.

Lakini safari hii andika upesi, kabla ya Alhamisi, unieleze wewe uliyesoma: mtu akitetemeka mbele ya mkaguzi, wanamhesabu kuwa anadanganya? Maana nimeshaanza.